Kengele ya Freretown na Watoro wa Rabai

Makanga akipiga kelele "Kengeleni! Kengeleni!" abiria huteremka na kukimbilia shughuli zao, wengi wao bila hata kuitupia jicho kengele yenyewe. Ipo palepale, ukishavuka daraja la Nyali. Wazee husimulia kwamba iligongwa kuwaonya watu jahazi za wauza watumwa zilipoonekana. Mimi nimeipita miaka nenda rudi. Nilisimama kuiangalia vizuri mwaka huu tu, na aliyenisimamisha ni binamu yangu.

Binamu ni mzee wa kanisa. Alirudi kutoka semina ya viongozi na daftari limejaa: uanafunzi, kujenga jumuiya, huduma ya haki. Haikupita wiki mbili, familia tatu zilizobomolewa nyumba kwenye shamba lenye kesi zikaomba kulala ukumbini mwa kanisa. Kamati ikakaa. Jibu likatoka: kanisa haliwezi kujiingiza kwenye jambo lililo mahakamani. Binamu akanipigia simu usiku. "Wewe si unasoma historia? Hawa wa kwanza hapa pwani walifanyaje?"

Basi nikaanza kusoma.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Waingereza. Mkataba ule ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Lakini haukugusa umiliki. Aliyekuwa na mtumwa shambani mwake aliendelea kuwa naye kihalali. Hebu tuishike tofauti hiyo, maana kila kitu kinaizunguka.

Waliookolewa na manowari baharini walihitaji mahali pa kuishi. Ndiyo sababu shirika la kimisionari la CMS lilianzisha Freretown, kijiji kilichopewa jina la Sir Bartle Frere, yule mjumbe aliyeushughulikia mkataba. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa William Salter Price. Kabla ya hapo Price aliendesha kituo karibu na Nasik, nchini India, ambako watoto wa Kiafrika waliookolewa majahazini walilelewa na kufunzwa kusoma, Injili, na kazi za mikono.

Na kumbe wanafunzi wa kituo hicho walishatangulia kufika pwani yetu. Mwaka 1864 William Jones, Ishmael Semler na George David walitumwa kumsaidia mzee Johannes Rebmann kule Rabai. Vitabu huwaita Waafrika wa Bombay. Ukitafuta viongozi wa kwanza wa kanisa kuandaliwa kwa makusudi kwa ajili ya pwani yetu, ni hawa. Walikuja na ufundi, lugha na Biblia. Walikuja pia na kitu ambacho hakuna semina inayoweza kukitoa: walikuwa wametekwa wakiwa watoto. Walijua mwenyewe mtoro anatoroka nini.

Maana watoro walianza kuja. Watumwa wa mashamba ya pwani walisikia kwamba kuna vijiji vya Wamisheni ambako mtu haitwi mali. Sasa hapo ndipo sheria iliposimama upande wa pili. Aliyeokolewa baharini alikuwa huru. Aliyetoroka shambani alikuwa mali ya mtu, na kumficha lilikuwa kosa. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuivamia Freretown. Wakubwa wa misheni, wakiogopa damu na wakijua sheria inasemaje, walitaka watoro wasipokelewe.

Kwenye karatasi hawakupokelewa. Rabai, ambako Jones alikuwa na usemi mkubwa, walizidi kuongezeka, wakajenga vibanda, wakalima, wakaingia ibadani.

Sitaki kuipaka misheni rangi nzuri. Freretown yenyewe ilikuwa na viboko na kifungo. Mwaka 1881 msimamizi wake, J. R. Streeter, alichunguzwa kwa ukatili dhidi ya watu waleule aliokabidhiwa awatunze. Jumuiya iliyojengwa kwa jina la uhuru inaweza kabisa kuwa na mjeledi nyuma ya mlango.

Jones na Semler walipewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Mwaka huohuo Jones alifuatana na askofu kuelekea Uganda. Hannington alimwacha Mumias na wapagazi wengi, yeye akatangulia, akauawa Busoga mwezi Oktoba. Jones ndiye aliyewarudisha watu nyumbani, wakiingia Rabai mapema 1886 na bendera ya buluu yenye neno moja: Ichabod, jina la Kiebrania la utukufu uliokwisha kuondoka.

Kisha mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikaingia Mombasa. Wakala wake, George Mackenzie, aligundua kwamba watoro katika vituo vya misheni walizidi 1,400. Wenye watumwa walikuwa wakali. Suluhu ikapatikana: fidia ilipwe, na tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watoro wakapewa hati za uhuru. Fidia, nakuomba uangalie vizuri, walilipwa waliomiliki watu, si waliomilikiwa.

Hata hivyo hati zilitoka. Sheria ya kufuta utumwa pwani ya Kenya ilikuja 1907, miaka 18 baadaye. Kama Rabai wangeisubiri, wengi wangekufa wakiwa mali ya watu.

Mwaka 1930 chuo cha wachungaji kilichoanzia Freretown kilihamishiwa Limuru, na leo ni chuo kikuu cha St. Paul's. Mafunzo yameendelea, na ni vizuri. Lakini nikilitazama daftari la binamu naona maneno yote matatu Jones aliyaishi kwa pamoja. Kumpokea mtoro kulikuwa haki. Kumpa jembe na jirani kulikuwa jumuiya. Kumfundisha kusoma kulikuwa uanafunzi. Hakupata nafasi ya kuvitenganisha kwa vipindi, na chai katikati.

Nilimsimulia binamu haya yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini wao walikuwa wameshalala nje. Sisi kwenye kamati hakuna aliyelala nje."

Ameniomba nimwandikie ukurasa mmoja kuhusu Rabai, ausome mwenyewe. Nimemwandikia. Kamati inakaa tena Jumamosi, na zile familia bado ziko kwenye turubai.