Ua wa Minyaa na Maua ya Bogenvilia

Wazee mliomaliza zamani na vijana mlioko darasani, ni wachache kati yetu ambao hawakupata kushika panga asubuhi na kupimiwa kipande cha ua wakikate. Kazi hiyo ina historia yake.

Ua wa kwanza Usukumani ni wa minyaa. Ulizunguka kaya, zizi, na hata ngitili, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Mnyaa hupandwa kwa kuchomeka tawi ardhini, basi aliyekata ua wake alipata miche ya kumgawia jirani. Utomvu wake ni hatari kwa macho. Mkataji husimama upande unakotoka upepo.

Bogenvilia ni mgeni. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliikuta Brazili mwaka 1767, akiwa katika safari ya Mfaransa Louis Antoine de Bougainville, na mmea ukapewa jina la mkuu wa safari. Huku kwetu ilipandwa bomani, misheni na mashuleni. Ile rangi tunayoisifu ni ya majani. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati. Huchanua kwenye machipukizi mapya, tena hupenda ukame. Kwa hiyo Bariadi huipogolewa maua yakishapukutika, mvua za Novemba zikikaribia, ipate kuchipua masika na kuchanua kiangazi. Anayeifyeka mwezi wa Mei kwa ajili ya usafi tu (na hao ni wengi!) anafyeka maua ya Julai.

Minyaa ilipatwa na makubwa zaidi. Misitu ilikwisha kufyekwa tangu ukoloni kwa sababu ya mbung'o na mashamba ya pamba. Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikahamisha watu, na ngitili nyingi zikakosa mwenyewe. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, nasi Bariadi tulikuwamo, kwani Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimerudi katika vijiji zaidi ya 800. Sehemu kubwa haikupandwa miti: mifugo ilizuiwa, na visiki vikachipua vyenyewe.

Ukipita mbugani ukaona minyaa mirefu imesimama kwa mstari pasipo nyumba, ujue hapo palikuwa na kaya. Haijapogolewa tangu wenyewe walipohama, ndiyo maana imekuwa miti.