Adhana kwa Kituruki, 1932–1950: Suala la Lugha na Hisia za Umma

Tafsiri aghalabu huchukuliwa kuwa kazi ya kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine. Historia ya adhana nchini Uturuki inadhihirisha kwamba yapo maneno ambayo umma huyathamini kwa sauti yake kama unavyoyathamini kwa maana yake, na pengine zaidi.

Wazo la kuadhini kwa Kituruki halikuzuka ghafla. Ziya Gökalp, katika shairi lake "Vatan" la mwaka 1918, alikwisha kuitamani nchi ambamo adhana ingesikika kwa lugha ya wenyeji. Jamhuri ilipoasisiwa mwaka 1923, lugha ilipewa nafasi ya mbele katika mageuzi ya Mustafa Kemal Atatürk. Mwaka 1928 hati za Kilatini zilichukua mahali pa hati za Kiarabu. Na Julai 1932 kikaundwa chama cha kuisafisha lugha kwa kupunguza maneno ya Kiarabu na Kiajemi. Mwezi huo huo Idara ya Mambo ya Dini iliagiza adhana itolewe kwa Kituruki kote nchini.

Mahali pa "Allahu akbar" pakawekwa "Tanrı uludur". "Tanrı" ni neno la kale, lililotumiwa na Waturuki kabla ya kusilimu. Hata hivyo "felah", neno la Kiarabu lenye maana ya kufaulu, liliachwa ndani ya tafsiri hiyo.

Februari 1933 waumini wa Bursa walikusanyika kudai adhana ya Kiarabu. Atatürk alikatiza ziara yake akaenda huko, akasisitiza kwamba suala lenyewe si la dini bali la lugha. Kauli hiyo ndiyo kiini cha mgogoro. Waliounga mkono mageuzi waliona kwamba taifa lenye lugha yake halina haja ya kuitwa kuswali kwa lugha ya kigeni. Waumini wengi, kwa upande wao, hawakuitenga lugha na ibada. Maneno ya adhana ni machache, nao walikuwa wameyasikia mara 5 kila siku tangu utotoni, hawakuhitaji mkalimani. Tafsiri haikuwazidishia maana, bali iliwaondolea sauti iliyowaunganisha na Waislamu wa nchi nyingine. Mwaka 1941 sheria iliweka adhabu ya kifungo cha hadi miezi 3, au faini, kwa aliyeadhini kwa Kiarabu.

Chama cha Demokrasia cha Adnan Menderes kilishinda uchaguzi wa Mei 1950, na tarehe 16 Juni, mkesha wa Ramadhani, Bunge likaifuta adhabu hiyo. Ifahamike kwamba adhana ya Kituruki haikupigwa marufuku. Walioipenda wangeweza kuiendeleza. Lakini misikiti ilirejea kwenye Kiarabu mara moja.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Kilipokea "adhana", kikapata "kuadhini" na "mwadhini". Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, ilipokewa na wasomaji wengi, lakini mwito wa minarani ulibaki kwa Kiarabu. Kitabu husomwa ili kifahamike. Adhana husikilizwa ili itambulike. Mpangaji wa lugha asiyezingatia tofauti hiyo huweza kutunga tafsiri sahihi isiyotakiwa na wenyewe.