Ulikaji usiolingana wa matairi

Ulikaji usiolingana ni kupungua kwa uso wa tairi kwa kiasi kinachotofautiana kutoka sehemu moja hadi nyingine ya tairi lilelile, au kutoka tairi moja hadi jingine la gari lilelile. Kila tairi linalotembea hulika. Likilika kwa kiasi kimoja kutoka bega hadi bega, hilo ni gharama ya safari. Likilika ndani huku nje kungali na meno marefu, au la kushoto likaisha kabla ya la kulia, kuna kitu kwenye gari kinachostahili kutafutwa.

Neno ulikaji limetokana na kitenzi kulika, yaani kupungua kidogo kidogo kwa kusuguliwa, kama lisemwavyo jembe lililolika au soli iliyolika upande. Neno uchakavu, ambalo hutumiwa pia katika vitabu vya magari, lina maana pana zaidi. Tairi lililokaa juani miaka mingi na kupasuka ubavuni limechakaa hata kama meno yake yamejaa, na wahasibu huliita uchakavu hata punguzo la thamani ya mali. Kwa hiyo ulikaji unafaa zaidi pale panapozungumziwa kupungua kwa uso peke yake. Sifa ya “usiolingana” nayo inazuia utata wa “usio sawa”, unaoweza kueleweka kuwa ulikaji wowote ule wenye kasoro. Katika karakana za Nyeri, Karatina na Nanyuki nchini Kenya, mteja huambiwa tu kwamba tairi “inakula ndani” au “inakula upande”, na hakuna anayeshindwa kuelewa.

Sehemu za tairi zinazohusika ni nne. Uso ni mkanda unaogusa barabara. Juu yake kuna meno, ambayo Watanzania wengi huyaita kashata, yaliyotenganishwa na mifereji ya kupitisha maji na tope. Kingo mbili za uso, ya ndani na ya nje, ni mabega. Chini ya mabega kuna ubavu, ambako kumeandikwa ukubwa wa tairi.

Presha

Chanzo rahisi kuliko vyote ni upepo. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea katikati na kuubeba mzigo kwa mabega, hivyo mabega yote mawili hulika na katikati hubaki. Lenye upepo mwingi hujikunja mgongo na kulika katikati. Ishara ya kutambulisha kosa la presha ni kwamba ulikaji wake hufanana pande zote mbili za mstari wa katikati. Bega moja likilika peke yake, pampu haitaliponya.

Presha sahihi ni ile iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na hupimwa tairi likiwa baridi, kabla gari halijatembea. Magari makubwa yana mambo mawili ya kuangalia zaidi. La kwanza ni mzigo: tairi za nyuma za gari lililobeba viazi au watalii na mizigo yao huhitaji presha ya juu kuliko gari likiwa tupu, na vibandiko vingi huonyesha vipimo vyote viwili. La pili ni aina ya tairi. Tairi lenye herufi LT ubavuni limeundwa kwa malori mepesi, na kwa mzigo uleule huhitaji presha ya juu kuliko tairi la kawaida la ukubwa huohuo. Mwenye gari anayebadilisha aina ya tairi na kuendelea kujaza psi zilezile za zamani huanza kula mabega bila kujua.

Nyeri, iliyo mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari, inaongeza jambo la tatu. Kipimo cha presha husoma tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Hewa ya nje Mombasa ina kilopaskali 101 hivi, na Nyeri takriban 82. Joto lisipobadilika, tairi lililojazwa pwani lingesoma karibu psi 3 zaidi likifika Nyeri. Lakini baridi hulipunguza, karibu psi 1 kwa kila digrii 5 au 6 za Selsiasi zinazoshuka. Nguvu hizo mbili hufutana kwa sehemu, na kiasi kinachobaki hutegemea saa na msimu. Asubuhi za Julai, milima ikiwa imefunikwa na ukungu, presha huwa chini kuliko alasiri ya Februari. Gari linalopanda kutoka pwani hupimwa upya asubuhi ya kwanza, na linaloteremka hupimwa vivyo hivyo huko linakofika.

Pembe za magurudumu

Bega moja likilika, uchunguzi huhamia kwenye pembe. Zipo tatu, na mafundi wa Kenya huziita kwa majina yaliyotoholewa: too, kemba na kasta. Kwa Kiswahili zinaweza kuitwa mwelekeo, mwinamo na mwegemeo.

Mwelekeo ni jinsi magurudumu mawili ya ekseli moja yanavyotazama yakionwa kutoka juu. Kingo zao za mbele zikikaribiana kuliko za nyuma, yameelekea ndani. Zikiachana, yameelekea nje. Gurudumu lisilotazama mbele sawasawa huviringika huku likiburutwa kiupande. Kwa hesabu ya jiometri, kosa la nusu digrii huliburuta takriban mita 9 kwa kila kilomita. Katika kilomita 150 hivi za kutoka Nyeri hadi Nairobi, mburuto huo hupita kilomita moja. Ndiyo maana kosa dogo la mwelekeo hula tairi haraka kuliko kosa la pembe nyingine yoyote. Kuelekea ndani kupita kiasi hula mabega ya nje, na kuelekea nje hula mabega ya ndani. Alama yake ya pekee ni msumeno: kila jino hupata ukingo mmoja mkali na mwingine wa mviringo. Jicho huweza kuikosa, lakini kiganja hakiikosi. Mkono ukipitishwa juu ya uso kuelekea bega moja huteleza, ukirudishwa hukwaruzwa.

Mwinamo ni kulala kwa gurudumu ndani au nje likionwa kutoka mbele, kama miguu yenye matege au ile ambayo magoti yake hugongana. Gurudumu lililolalia ndani kwa juu hula bega la ndani. Lililolalia nje hula bega la nje. Ulikaji wa mwinamo ni laini, hauna msumeno, na hushuka polepole kutoka bega moja hadi jingine. Mwegemeo ni pembe ya mhimili ambao gurudumu la mbele huzunguka juu yake usukani unapokatwa. Wenyewe hauli tairi sana, ila ukitofautiana kushoto na kulia gari huvuta upande mmoja, na dereva hulazimika kulishikilia safari nzima.

Ekseli ya boriti na saspensheni huru

Uwezekano wa kurekebisha pembe hizi hutegemea muundo wa gari. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ina ekseli ya boriti mbele: magurudumu mawili yameunganishwa na chuma kimoja kizito. Mwinamo wake umewekwa kiwandani na hauna boliti ya kurekebishia. Kinachorekebishwa ni mwelekeo, kwa kuzungusha fimbo inayounganisha magurudumu, yaani tairodi. Mwinamo ukiharibika kwenye gari kama hilo, chanzo huwa ni beringi zilizolegea, viungo vya usukani vilivyokwisha au boriti iliyopinda kwa kugongwa.

Toyota Prado ya mfululizo wa 120 au 150 ina saspensheni huru mbele. Kila gurudumu limebebwa na mikono yake, na kwenye mkono wa chini kuna boliti zenye kikombo cha kurekebishia mwinamo na mwegemeo. Faida hiyo ina upande wa pili. Kila jambo linalobadilisha kimo cha gari hubadilisha pembe. Springi zilizochoka huliteremsha gari, na magurudumu hulalia ndani. Kuliinua kwa springi ndefu, jambo wanalolipenda wanaopanda mlima au kuingia mbuga ya Aberdare, hubadilisha mwinamo na mwelekeo kwa pamoja. Gari lililoinuliwa bila kupangwa upya linaweza kumaliza mabega ya tairi mpya huku katikati kukiwa bado kuna maisha.

Vishimo, visigino na mabaka

Ulikaji mwingine hauendi bega hadi bega, bali kuuzunguka mzunguko wa tairi. Vishimo vinavyofuatana ni dalili ya gurudumu linalorukaruka, kwa sababu shokabsoba zimekufa au uzito wa gurudumu haukusawazishwa. Meno makubwa ya tairi za tope hulika kisigino: ukingo unaotangulia kugusa barabara na ule unaoachana nayo mwisho hupungua kwa viwango tofauti, na tairi huanza kunguruma kwenye lami. Hilo hutokea hata gari likiwa zima, na dawa yake ni kuhamisha tairi mapema. Baka moja bapa hutokana na breki iliyofunga gurudumu likaburutwa.

Tofauti kati ya tairi na tairi

Kwenye gari la kuendeshwa na magurudumu yote manne, tairi zisizolingana huumiza zaidi ya mfuko wa kununulia tairi. Tairi la 265/65R17, ukubwa wa kawaida wa Prado, lina kipenyo cha milimita 776 likiwa jipya na huzunguka takriban mara 410 kwa kilomita. Likilika milimita 6, kipenyo hupungua milimita 12, na mizunguko hufika karibu 416. Tofauti hiyo, inayozidi mizunguko 900 kwa safari ya kutoka Nyeri hadi Nairobi, hulazimika kumezwa na difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti. Prado huendesha magurudumu yote wakati wote na ina difu ya katikati, ambayo hulazimika kufanya kazi bila kupumzika. Land Cruiser ya 70 haina difu ya katikati. Ikiwekwa kwenye magurudumu manne juu ya lami kavu, tofauti hiyo hukosa pa kwenda, na tairi zenyewe ndizo zinazoteleza na kusagika. Gia ya magurudumu manne ni ya tope na changarawe.

Barabara za Nyeri

Mazingira huamua ni kosa gani litaonekana kwanza. Kenya huendesha upande wa kushoto, na barabara nyingi zimeinuliwa katikati ili maji yaende kando. Gari huinamia kushoto, na tairi za kushoto hubeba zaidi. Barabara za Othaya na Mukurwe-ini hukata mabonde yanayoteremka kutoka Aberdare, hivyo kona na mteremko hufuatana. Gari refu lenye zaidi ya tani 2 hulalia upande wa nje wa kila kona na kuelemea mbele kila breki inapokanyagwa, na mabega ya nje ya tairi za mbele hulipa. Barabara za mashamba ya chai huongeza mashimo, yanayolegeza bushi na boljointi, na kiungo kikilegea, pembe iliyopangwa jana haipo leo.

Utaratibu wa kurekebisha

Hapa istilahi mbili hazina budi kutenganishwa. Kusawazisha ni kulinganisha uzito kuzunguka gurudumu kwa vipande vidogo vya chuma vinavyobandikwa kwenye rimu. Huondoa mtetemo na kuzuia vishimo. Kupanga, au alaimenti, ni kurekebisha pembe. Huzuia ulikaji wa bega na msumeno. Neno usawazishaji likitumiwa kwa kazi zote mbili, mteja mwenye bega lililolika huweza kulipia kazi ambayo haikugusa tatizo lake.

Kazi huanza kwa kupima kina cha meno mahali patatu kwenye kila tairi, yaani ndani, katikati na nje, pamoja na tairi la akiba. Presha hufuata. Kisha gari huinuliwa kwa jeki na gurudumu kutikiswa: likicheza juu na chini, hushukiwa beringi au boljointi, likicheza kushoto na kulia, hushukiwa tairodi. Kilicholegea hubadilishwa kabla ya alaimenti, si baada yake, maana mashine haiwezi kupanga kiungo kinachohama.

Pasipo na mashine, mwelekeo hupimwa kwa chaki na futi kamba. Gari likiwa mahali tambarare na usukani umenyooka, mstari huchorwa katikati ya uso wa tairi zote mbili za mbele. Umbali kati ya mistari hupimwa upande wa mbele, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu. Gari husogezwa mbele hadi alama zilezile zifike nyuma, kisha hupimwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mwelekeo, na hulinganishwa na kitabu cha gari.

Baada ya hapo tairi huhamishwa, na huendelea kuhamishwa kila kilomita 8,000 hadi 10,000, la akiba likiingizwa kwenye mzunguko kama ni la ukubwa na aina ileile. Tairi lenye mshale ubavuni huhama mbele na nyuma tu, upande uleule. Bega likishafika kwenye vinundu vilivyomo ndani ya mifereji, ambavyo huonyesha kuwa zimebaki milimita 1.6, tairi hilo limekwisha hata kama bega la pili ni zima. Mapya hununuliwa mawili kwa ekseli moja, na kwenye gari linaloendesha magurudumu yote wakati wote, yote manne ikiwezekana. Vipimo vitatu vya kila tairi huandikwa kwenye kitabu cha huduma. Tofauti kati ya bega na bega ikifika milimita 2, gari hurudishwa kupangwa bila kungoja huduma inayofuata.