Kuni za Epping

Majira ya majani kupukutika yakifika, watu wa London hupanda treni hadi Loughton, wakatembee msitu wa Epping. Majani yana rangi ya kutu, watoto wanarushiana, na kiingilio hakuna.

Ila mimi nikiutazama msitu huu nawaza kuni. Zamani wanakijiji wa Loughton walikuwa na haki ya kukata matawi kila mwaka kuanzia Novemba 11. Miaka ya 1860 mwenye ardhi akaweka uzio. Mkata kuni Thomas Willingale hakukubali, na mwaka 1866 jamaa zake wakafungwa jela kwa kukata matawi. Kesi zikafuata, utawala wa Jiji la London ukaingilia, na sheria ya 1878 ikauacha msitu wazi kwa umma.

Hapa ndipo panaponiuma: sheria hiyohiyo ilifuta haki ya kukata kuni. Wanakijiji wakafidiwa ukumbi, Lopping Hall, uliofunguliwa 1884. Waliopigania kuni wakaachiwa mahali pa kuchezea dansi. Msitu tukapewa sisi wa matembezi.

Tutembee, ndiyo. Lakini ile miti ya vigogo vinene, iliyochipua matawi mengi juu ya kimo cha mtu, tusiipite hivihivi. Pale ndipo shoka lilipopita.