Metali ya sonara inayonusa hidrojeni

Tangu mitambo ya kusafisha mafuta ya Changamwe, Mombasa, izimwe mwaka 2013, wakazi wa Kisiwani wanaovuka Makupa huitaja "rifaineri" kama wanavyomtaja marehemu. Kiwanda hicho kilichoanza kazi 1963 hakikutoa petroli na mafuta ya taa pekee. Mtambo wa kuboresha petroli ulitoa hidrojeni, na mtambo jirani ukaitumia kuondoa salfa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, moto wake hauonekani vizuri mchana, na ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha. Pua ya binadamu haifai kitu hapo. Hutakiwa kihisi.

Wengi huianza historia ya vihisi vya gesi kwa ndege wa migodini na taa ya Humphry Davy ya 1815, kisha Oliver Johnson wa California aliyebuni kipimo cha mvuke wa matangi ya mafuta miaka ya 1920, halafu Taguchi wa Japani na oksidi yake ya bati mwaka 1962. Sawa. Mimi naanza na Thomas Graham, ambaye masonara wa Mji wa Kale wangemwelewa upesi.

Paladi ni metali ambayo sonara huichanganya na dhahabu ikageuka nyeupe. Graham, mkemia Mskoti aliyekuwa pia mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Uingereza, aligundua miaka ya 1860 kwamba kipande cha paladi hunywa hidrojeni zaidi ya mara 900 ya ujazo wake. Akanogewa, akavuka mpaka: akashikilia kuwa hidrojeni yenyewe ni metali, akaibatiza hidrojeniamu, na mwaka 1869 akafua medali ndogo za paladi iliyoshiba gesi. Mwaka huohuo akafariki. (Nani mwingine amewahi kufulia kosa lake medali?)

Kiu ya paladi, hata hivyo, haikuwa kosa. Mwaka 1975 Ingemar Lundström na wenzake nchini Sweden waliitandaza metali hiyo, nyembamba mno, juu ya transista. Molekuli za hidrojeni hupasuka zinapoigusa, atomi zake zikapenya hadi chini na kubadilisha volteji inayofungulia umeme njia. Ugumu uko kwenye utengenezaji: paladi ikinywa sana huvimba na kupasuka, ndiyo maana huchanganywa na nikeli au fedha. Kuchanganya metali! Kazi ya sonara hiyo.

Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mkakati wa hidrojeni ya kijani. Mitambo imesemwa, mbolea imesemwa. Nani atatengeneza pua, sijasikia. Chuo cha Tudor, kilichoanza kufundisha ufundi mwaka 1951 kikiitwa MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), kilipandishwa kuwa chuo kikuu 2013, mwaka uleule Changamwe ilipozimwa. Kutoka karakana zake hadi lango la rifaineri ni kuvuka Makupa tu.