Msaga Nafaka wa Sneinton na Hesabu ya Umeme

Mwaka 1785 Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, aliwaeleza wanachuoni wa Paris habari za mizani aliyoibuni: ndani ya chombo cha kioo alitundika kijiti kwa uzi wa fedha mwembamba mno, na nchani pa kijiti kitufe chepesi cha moyo wa mti, kikabiliane na cha pili kisichotikisika. Vilipotiwa umeme wa namna moja vilikimbiana, vikatulia mbalimbali kwa digrii 36. Na ili avisogeze hata 18, ilimlazimu ausokote uzi kwa juu digrii 126, ambazo pamoja na zile 18 zafanya 144, yaani 36 mara nne. Msokoto wa uzi ndio kipimo cha msukumo: umbali ukipungua nusu, msukumo huwa mara nne.

Coulomb aliitaka kanuni ya msukumo, akaipata. Walakini vidole vilivyousokota uzi vilifanya kazi, na sehemu ya kazi hiyo ilibaki kama amana baina ya vitufe, tayari kurudishwa pindi kimoja kikiachiliwa kikimbie.

Hesabu ya amana hiyo ilipewa jina na George Green, mwana wa mwoka mikate wa Nottingham, aliyesoma shule kiasi cha mwaka mmoja tu, kisha akawa mtumishi wa kinu cha upepo cha babaye huko Sneinton. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1828, kikanunuliwa na watu wapatao 50, alichukua kila chaji, yaani kiasi cha umeme, akaigawanya kwa umbali wake hadi mahali fulani, akajumlisha, akapata kwa kila mahali namba moja, akaiita potensheli. Wanahisabati Laplace na Poisson walikwisha kuitumia hesabu ya namna hiyo. Jina ni la Green. Ukitoa namba ya mahali pa kwanza katika ya mahali pa pili, wapata kazi ya kuhamisha chaji moja, ipite njia iliyonyoka au iliyopinda. Sisemi kinu ndicho kilichomfunza, ila mfano ulikuwa mlemle: gunia la ngano, lipandishwe ghorofani kwa ngazi au kwa kamba, kazi ya kuushinda uzito wake ni ile ile.

Green alifariki mwaka 1841. Mnamo 1845 kijana William Thomson alipewa kitabu kile na mwalimu wake wa Cambridge, mkesha wa safari, akaenda nacho Paris. Habari zikamfikia mwanahisabati Sturm, naye akaja mbio hadi chumbani kwa kijana, akihema, akaketi kuzifunua kurasa, mara akaruka kitini: ameikuta humo kanuni aliyoidhani kuwa ni yake.