Bloku ya kumbukumbu (seva)

Bloku ya kumbukumbu ni kipimo kidogo kabisa cha kumbukumbu ambacho seva iliyogawanywa katika sehemu pepe huweza kuipa sehemu mojawapo au kuiondolea. Katika seva nyingi za IBM Power huchaguliwa kati ya megabaiti 16, 32, 64, 128 na 256, na ukubwa huo hutumika kwa seva nzima.

Bloku haikatwi, kama duka lisilofungua paketi ya sukari. Sehemu inayohitaji megabaiti 1,100 itapewa 1,280 ikiwa bloku ni za 256. Zikiwa za 16 itapewa 1,104 tu. Hata hivyo, bloku ndogo huchelewesha uhamishaji wa kumbukumbu nyingi.

Kubadilisha ukubwa hulazimu seva nzima izimwe, pamoja na sehemu zake zote. Heri kuamua mapema. Tena, katika seva nyingi sehemu iliyo kazini haihamishiwi seva nyingine yenye bloku za ukubwa tofauti.